Barua Imefika, Hodi Haikupigwa



Jumapili moja ya Mfunguo Pili, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa tumeketi barazani tukisahihisha madaftari ya wanafunzi wa madrasa, akatujia mama mmoja wa mtaani kwetu pamoja na bintiye. Mama alikuwa amekumbatia kishikwambi, ile tableti ya nyumba nzima, amekifunika kwa leso kana kwamba ni mtoto mwenye homa. Binti alikuwa nyuma yake, macho yamemwiva. Tukawakaribisha, maji yakaletwa, hawakuyagusa.

"Maalim," akasema mama kabla ya kukaa vyema, "huyu mwanangu amenidanganya, na mimi sikumlea hivyo."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Tangu mwezi wa Shaabani binti alikuwa ameomba nafasi katika chuo kimoja cha uuguzi, na chuo kiliwaambia waombaji kwamba majibu yatakuja kwa barua pepe. Kila jioni mama humwuliza, "Wameandika?" Na kila jioni binti hujibu, "Bado, mama, kishikwambi hakijalia." Jumamosi, siku moja kabla ya kutujia, binti alifungua sanduku lake la barua kutafuta jambo jingine kabisa, akaikuta barua ya chuo. Ilikuwa imeandikwa Jumatatu. Ilimwita kwenye usaili siku ya Alhamisi, na Alhamisi ilikwisha kupita.

Mama akaamini kwamba binti aliiona barua siku ileile na akaificha, kwa kuwa chuo kiko mbali na moyo wake haukutaka kuondoka. Binti akaapa kwamba hakuiona. Mama akasema, "Kishikwambi ni kimoja. Barua zangu mimi zikiingia kinalia. Itakuwaje kilie kwangu kisilie kwake?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuyaweke kando madaftari. Lilikuwa swali zuri kuliko mama mwenyewe alivyodhani, na ndani yake mlikuwa na jibu.

Wasomaji wetu waliokuwa watu wazima kabla ya simu hizi wanakumbuka sanduku la posta. Barua ya mume aliye safarini ilifika mjini, ikatiwa sandukuni, ikakaa humo. Kufika kwake hakukuhitaji mtu yeyote wa nyumbani ajue. Ilibidi mtoto apewe ufunguo atumwe posta, aichukue, arudi nayo, na akifika mlangoni apige hodi. Mtoto akienda kucheza mpira njiani, barua imefika lakini haikuchukuliwa. Akirudi nayo akaiweka juu ya kabati bila kusema neno, barua imo ndani ya nyumba na mwenyewe hana habari.

Barua pepe nayo ndivyo ilivyo. Haiandikwi juu ya simu yako. Inakaa kwenye kompyuta kubwa za kampuni inayokuwekea sanduku, na kwa wengi wetu kampuni hiyo ni Google, yenye Gmail. Simu yako ni yule mtoto mwenye ufunguo. Kwanza barua ifike sandukuni, kisha simu iende ikaichukue, kisha simu ipige hodi, yaani itoe ile arifa: mlio, mtikisiko, au kistari cha maandishi juu ya kioo. Haya ni mambo matatu, na kila moja laweza kuharibika peke yake huku mawili mengine yakiwa mazima. Kwa hiyo simu ikinyamaza, kimya hicho hakithibitishi kwamba hakuna aliyeandika. Wala hakithibitishi kwamba aliyeandikiwa ni mwongo.

Tukatoa simu yetu, tukavaa miwani, tukaandika barua mbili za maneno mawili mawili. Moja tukaipeleka kwenye anwani ya mama, nyingine kwenye anwani ya binti. Kishikwambi kilikuwa juu ya mkeka katikati yetu. Haikupita dakika, kikalia: ya mama imefika. Tukangoja ya binti. Tukangoja tena. Kimya. Kisha tukamwambia binti afungue sanduku lake bila kuvuta wala kubonyeza kitu kingine, na barua yetu ikawa imo, juu kabisa, kwa herufi nzito za barua isiyosomwa.

Jaribio hili ni la dakika mbili, nasi twawashauri wasomaji walianze kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Mwombe mtu akuandikie, ungoje, kisha ufungue. Ukiikuta imo tayari bali hukusikia kitu, kosa liko kwenye hodi. Ikiwa haimo mpaka uushushe ukurasa kwa kidole ndipo ijitokeze, basi simu haikwenda kuichukua. Na ikiwa hata ukivuta haiji, tatizo liko sandukuni kwenyewe, au katika anwani. Kwa binti huyu kosa lilikuwa la hodi.

Tukaingia kwenye mipangilio ya kishikwambi, pale palipochorwa gurudumu la meno, tukatafuta mahali pa arifa, kisha Gmail. Hapo ndipo wengi wasipopajua. Kishikwambi kikiwa na akaunti mbili, ya mama na ya binti, kila akaunti ina ruhusa yake ya kupiga hodi. Ya mama ilikuwa wazi. Ya binti ilikuwa imefungwa.

"Hiyo hufungwa vipi?" mama akauliza.

Tukamwonyesha. Arifa ikitokea juu ya kioo, ukiikandamiza kwa kidole bila kukiinua, simu hukuletea chaguo la kuzinyamazisha au kuzizima. Ukigusa pale, basi. Haikuulizi mara ya pili.

Mama akatia mkono kinywani. Akakumbuka kumi la mwisho la Ramadhani, usiku, yeye juu ya msala na kishikwambi karibu yake, na maduka ya nguo yakimimina matangazo ya Idi kwenye anwani ya binti, mlio juu ya mlio. Alikikandamiza kidole mpaka kero ikakoma, akaendelea na ibada yake. "Nilidhani naifunga ile ya duka," akasema. Kumbe alikuwa ameifunga akaunti nzima ya mwanawe.

Binti hakusema neno. Alinyanyua gilasi ya maji akampa mamake.

Hatukutaka kuishia kwenye kosa moja, maana nyumba zetu zina makosa ya aina nyingi, na tangu siku hiyo tumeletewa simu kadhaa.

Tubaki kwanza kwenye hodi. Gmail yenyewe, mbali na mipangilio ya simu, ina mipangilio yake. Fungua ile mistari mitatu iliyo juu, shuka mpaka kwenye mipangilio, chagua anwani yako, na utaona pa kuchagua arifa: zote, au za barua muhimu pekee, au hakuna kabisa. Kadhalika Gmail hupenda kuzipanga barua katika vikapu: cha msingi, cha matangazo, cha mitandao ya kijamii na vinginevyo. Kwa kawaida barua ya kikapu cha msingi ndiyo inayopigiwa hodi. Barua ya chuo au ya mwajiri iliyopelekwa kwa waombaji mia kwa mpigo huweza kudhaniwa ni tangazo, ikatupwa kikapu cha pili, ikalala huko. Ukiikuta huko, ihamishie kwenye kikapu cha msingi, ili nyingine za mwandishi huyohuyo zijue njia.

Simu mpya nazo zina jambo lake. Tangu Android ya 13, iliyotoka mwaka 2022, programu ukiipakua upya hukuomba ruhusa kwanza kabla ya kukupigia hodi. Wengi wetu, kwa haraka au kwa hofu ya kutapeliwa, hugusa "usiruhusu" bila kusoma, kisha hulalamika kwamba simu mpya ni bubu.

Na kuna lile la kunyamazisha simu kwa ajili ya swala. Ni adabu njema, nasi ndio wa kwanza kuikemea simu inayolia msikitini. Lakini wako waliojifunza kuiwekea simu ratiba ya kutosumbuliwa, tuseme tangu Isha mpaka mwisho wa tarawehe, na Ramadhani ikaondoka na ratiba ikabaki. Mpaka leo simu hunyamaza kila usiku na mwenyewe hajui kwa nini. Tazama juu ya kioo: kwa simu nyingi za Android utaona kiduara chenye kistari ndani, na kwa iPhone utaona mwezi mwandamo. Mwezi huo hauna uhusiano wowote na Idi.

Sasa tumwendee yule mtoto asiyekwenda posta. Huku kwetu sababu ya kwanza ni bando. Watu hununua bando la WhatsApp pekee kwa kuwa ni rahisi, kisha wakiona ujumbe wa WhatsApp unaingia hudhani intaneti iko sawa. Bando hilo halibebi barua pepe. Waweza kuzungumza na dada yako aliye Maskati usiku kucha kwa WhatsApp, na barua ya hospitali isishuke hata moja. Wengine wana bando kamili lakini wamewasha kiokoa data, ambacho huzizuia programu zisizofunguliwa zisiguse intaneti, na kwayo barua hushuka pale tu mwenyewe anapoifungua Gmail.

Sababu ya pili ni betri. Simu ikiwashwa kiokoa betri, au simu yenyewe ikiwa na tabia ya kubana matumizi, na nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani mwetu zina tabia hiyo, huzilaza programu ambazo hazikufunguliwa karibuni. Gmail iliyolazwa haichukui barua mpaka uiamshe. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio, kwenye programu, kisha Gmail, kisha betri, na kuiruhusu ifanye kazi bila kuzuiwa. Betri itapungua kidogo zaidi. Kwa anayengoja barua ya maana, hiyo si hasara.

Hapa tuwatanie kidogo mama zetu. Wako wasioweza kuona programu zimefunguka bila kuzifagia zote, asubuhi na jioni, kama wafagiavyo ua. Kwa baadhi ya simu kufagia huko huizima programu kabisa. Na ile ya kuisimamisha programu kwa nguvu kutoka kwenye mipangilio ndiyo kali zaidi: Gmail iliyosimamishwa hivyo haipigi hodi tena mpaka uifungue kwa mkono. Ua na ufagiwe, Gmail iachwe.

Usawazishaji pia utazamwe. Katika mipangilio ya akaunti pana kiwashio kinachoiruhusu simu ilingane na sanduku. Kikizimwa, hakuna kinachoshuka chenyewe. Nalo neno la siri likibadilishwa kwenye kompyuta, simu hubaki na la zamani, na mpaka uliandike jipya itakuwa kama mtoto mwenye ufunguo wa kitasa kilichong'olewa. Hata simu iliyojaa video mpaka haina pa kuweka kitu huacha kuchukua barua.

Kwa wenye iPhone neno moja tu. Ukiiweka anwani ya Gmail ndani ya programu ya barua ya simu yenyewe, barua hazisukumwi kwako papo hapo. Simu huenda kuziangalia kwa vipindi, robo saa, nusu saa au saa, na ukiiachia ichague yenyewe huenda pale inapochajiwa ikiwa kwenye waifai. Aliyepakua programu ya Gmail na kuipa ruhusa hana shida hiyo.

Limebaki sanduku, na hapa ndipo tulipoona maumivu makubwa zaidi.

Google humpa kila mtu nafasi ya bure ya gigabaiti 15, na nafasi hiyo si ya barua peke yake. Mafaili yamo, na tangu Juni 2021 picha zote mpya zinazohifadhiwa huko nazo huhesabiwa humo. Tangu mwaka 2024, kwa simu za Android, akiba ya WhatsApp nayo imeingizwa katika hesabu hiyohiyo. Basi fikiria harusi moja tu, video za kupamba, picha za bwana harusi mia mbili, na kila siku picha za kukutakia asubuhi njema zenye maua. Sanduku likijaa, barua mpya hazipokelewi, na aliyekuandikia hurudishiwa ya kwake. Hapo hata ukiitengeneza simu mwaka mzima hutapata kitu. Futa video nzito, na mapipa ya taka uyamwage, maana kilichofutwa huendelea kula nafasi mpaka pipa limwagwe.

Kikapu cha barua taka nacho kifunguliwe walau mara moja kwa wiki, kwa kuwa Gmail huvifuta vilivyomo baada ya siku 30. Mmoja wa walimu wetu wa madrasa aliikuta humo barua ya kweli kabisa ya ndugu yake, katikati ya watu waliomwahidi mamilioni.

Na la saiba. Miaka ya karibuni hakuna jambo la serikali au la shule lisilotaka anwani ya barua pepe. PIN ya KRA yaitaka, eCitizen yaitaka, mkopo wa masomo wautaka. Mtu ambaye hana anwani huenda saiba, kijana wa saiba humfungulia moja kwa dakika tano, huandika neno la siri analolijua yeye, huijaza fomu, na mambo hukwisha. Mwezi mmoja baadaye mtu huyo hununua simu, na muuzaji humfungulia anwani nyingine ili simu iwake. Sasa ana anwani mbili. Fomu zake zote zinaijua ya kwanza, simu yake yaijua ya pili. Simu hiyo haina ugonjwa wowote; inalinda mlango ambao hakuna mgeni aliyeelekezwa. Tumekutana na mjane aliyengoja jibu kwa miezi katika simu ya namna hii, na alipoulizwa anwani aliyoiandika kwenye fomu akatuonyesha karatasi iliyokunjwa ndani ya mkoba wake, herufi hazifanani hata kidogo na zilizo kwenye simu. Ukitoka saiba, toka na karatasi yenye anwani na neno la siri, kisha nyumbani libadilishe neno hilo, na anwani hiyohiyo ndiyo uiongeze kwenye simu. Nambari ya simu ya kuokolea akaunti iwe yako, isiwe ya kijana wa saiba, hata awe mwema namna gani. Na neno la siri usimtajie fundi. Likihitajika, liandike wewe mwenyewe kwa kidole chako mbele yake.

Turudi kwa wageni wetu wa Jumapili ile. Kabla ya Magharibi tuliifungua ruhusa ya binti, tukamwandikia barua nyingine ya majaribio, na kishikwambi kikalia mpaka mama akashtuka. Tukamsaidia binti kukiandikia chuo barua fupi ya kweli: kwamba aliikuta barua yao imechelewa machoni mwake, sababu ni hii, naye bado yu tayari. Jumatatu asubuhi akapiga simu. Akaambiwa nafasi za muhula huu zimekwisha, ila jina lake litatazamwa pamoja na ya muhula ujao, na kwamba ataandikiwa.

Ataandikiwa kwa barua pepe, bila shaka.

Tangu hapo kila usiku baada ya Isha mama na binti huketi pamoja, hukifungua kishikwambi, huushusha ukurasa kwa kidole, hutazama kikapu cha msingi, cha matangazo, na cha taka. Juzi tuliwauliza. Mama alisema haijafika, nao wamehakikisha kwa macho yao wote wawili.

Msomaji mwenye simu iliyonyamaza na tulilolisahau hapa, na atuandikie kupitia jarida hili. Aeleze jaribio la barua lilimpa jibu gani kati ya yale matatu, ili tusiague gizani. Wabillahi tawfiq.